Naomba ushauri: utando wa kiini cha seli ulitokeaje?

Ndugu wanachama, naomba msaada wenu katika jambo lililonikwamisha ninapoandaa somo kuhusu asili ya seli zenye kiini. Kwamba mitokondria zilitokana na bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine sina shaka, kwa kuwa zina DNA na ribosomu (viundaji vya protini) zao. Tatizo ni kiini. Dhana ya wanabiolojia Martin na Koonin ya mwaka 2006 inasema kwamba introni (vipande vya jeni visivyobeba maelekezo ya protini) zilizotoka kwa bakteria huyo zilienea katika jenomu, yaani DNA yote ya seli, na utando ukahitajika ili kazi ya kuziondoa, iliyo ya polepole, itenganishwe na utengenezaji wa protini, ulio wa haraka. Naiona dhana yenye nguvu, maana inaeleza haja yenyewe ya utando. Lakini wanabiolojia David na Buzz Baum walipendekeza mwaka 2014 kwamba kiini ndicho mwili wa kale wa akea (kiumbe wa seli moja asiye na kiini, aliye tofauti na bakteria), na saitoplazimu ilitokana na vichomozo vyake vilivyotanuka nje. Akea wa kundi la Asgard, linalohesabiwa kuwa ndugu wa karibu wa seli zenye kiini, aliyeelezwa mwaka 2020 baada ya kukuzwa maabara ana vichomozo virefu, ingawa hana kiini.

Je, dhana hizi zinapingana kweli, au moja inajibu sababu na nyingine namna? Na je, muundo wa vitundu vya utando wa kiini unaunga mkono ipi?