Tangi la aksolotli wawili: maji nyuzi 25, naweza kuwatia?

mgeni_houston: Habari wakuu, niko Houston, Marekani. Nataka kufuga aksolotli wawili (salamanda wanaoishi majini), bado wadogo, kama sm 7. Nina tangi la lita 75, filta ya kuning'iniza nyuma, na kokoto za rangi saizi ya punje ya mahindi. Hata kiyoyozi kikiwaka maji hayashuki chini ya nyuzi 25. Dukani wameniambia maji ya bomba yalale usiku mmoja, kesho niwatie. Inatosha?

chini_ya_maji: Usiwatie bado, mkuu. Kwanza toa kokoto zote. Aksolotli hula kwa kufungua mdomo ghafla na kufyonza kila kilicho mbele yake. Kokoto saizi hiyo inaingia, haitoki, utumbo unaziba. Acha kioo kitupu. Wakifika sm 15 unaweza kuweka mchanga laini, chembe chini ya mm 1.

Lita 75 ni za mmoja. Wawili watafutie lita 150, tangi refu kuliko la kina, maana wanatembea chini. Tena kwa sm 7 wanang'atana miguu. Mguu huota upya, lakini kidonda hushika ukungu, kwa hiyo watenganishe mpaka wapite sm 12 na wawe wamelingana.

bi_nyungunyungu: Hilo la kulaza maji halifai. Maji ya miji mingi ya Marekani yana kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), nayo haipai hewani kwa usiku mmoja. Tumia dawa ya kuondoa klorini, isiyo na aloevera wala iodini.

Halafu filta ikomae kabla mnyama hajaingia, yaani iote bakteria wanaoondoa amonia, sumu inayotokana na kinyesi, na nitriti, sumu inayofuata amonia ikivunjwa. Tia amonia mpaka mg 2 kwa lita, pima kila siku. Siku dozi hiyo itakapoisha ndani ya saa 24, amonia sifuri na nitriti sifuri, filta iko tayari. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 8. Nyuzi 25 zako zinafaa hapa tu, kwa sababu bakteria huzaliana haraka kwenye joto. Ukishapoza maji, rudia kipimo, kwani kasi yao hupungua.

chini_ya_maji: Maji yawe nyuzi 16 hadi 18. Yakizidi 22 wanaacha kula na matamvua (viungo vya kupumulia kando ya kichwa) yanaota ukungu kama pamba. Feni juu ya maji hupoza kwa kuyafanya yavukizwe, na hewa ya Houston ina unyevu mwingi, kwa hiyo usiitegemee. Nunua mashine ya kupoza maji, na usiifungie kabatini: joto inalotoa litarudi kwenye tangi. Chupa za barafu ni za dharura tu, zinapandisha na kushusha joto mara kwa mara.

mgeni_houston: Asanteni sana. Na filta yenyewe, ibaki hiyo hiyo?

bi_nyungunyungu: Ibaki, ila funika mdomo wake wa kutolea maji kwa sponji ili mkondo upungue. Matamvua yakijikunja kuelekea mbele, mkondo bado ni mkali.