Mafunzo ya takwimu kwa maafisa wa wilaya Pemba: nianzie wapi?

TumbeMashariki

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni afisa mipango katika moja ya wilaya nne za Pemba. Nimekabidhiwa kazi ya kutayarisha mafunzo kwa maafisa wa elimu, afya, kilimo na maji, wahasibu, pamoja na baadhi ya masheha (viongozi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala huku kwetu). Jina la mafunzo limeshapangwa: usimamizi na matumizi ya takwimu za maendeleo kwa ajili ya matokeo. Nimepewa na ratiba ya mafunzo ya zamani niifuate. Siku ya kwanza maana ya takwimu, aina za takwimu, umuhimu wa takwimu. Siku ya pili viashiria (tarakimu za kupimia kama tunasonga mbele) na vyanzo vya taarifa. Siku ya tatu Excel, halafu vyeti na picha ya pamoja.

Watu hawa nawajua. Wengi wao wameshakaa katika mafunzo ya namna hii na vyeti wanavyo. Lakini robo mwaka ikimalizika kazi ni ile ile: zinapigwa simu shehiani kutafuta tarakimu za kuziba mapengo, ripoti inapanda juu, nakala inaingia jaladani, na bajeti ya mwaka unaofuata inaandikwa kwa kuongeza kidogo kwenye ya mwaka uliopita. Mimi sijawahi kuona kikao kikabadilisha uamuzi kwa sababu ya jedwali.

Na kuna jambo jengine linanikera. Afya wana hesabu yao ya watoto walio chini ya mwaka mmoja katika shehia, mipango tuna yetu, sheha ana daftari lake, na zote tatu hazilingani. Nikiuliza ipi ndiyo, kila mmoja ananionesha karatasi yake. Zipo shehia ambazo chanjo imevuka asilimia 100, na papo hapo muuguzi ananambia wapo watoto anaowajua kwa majina hawajachanjwa.

Nina ukumbi, chakula cha mchana na projekta. Kompyuta hazitoshi. Nataka mtu akirudi ofisini kwake Jumatatu afanye kitu ambacho Ijumaa alikuwa hakifanyi. Mngekuwa nyinyi mngeanzia wapi?

MzeeWaMajalada

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Nimestaafu sasa, lakini umri wangu wa kazi nimeumaliza kwenye takwimu za afya, Unguja kwanza kisha Pemba. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa furaha, kwa sababu umeuliza kuhusu Jumatatu. Wengi huuliza kuhusu ukumbi.

Ratiba hiyo iache. Kabla ya mafunzo waandikie kila mmoja wao barua fupi: ni uamuzi gani utaufanya kabla ya mwezi ujao kwisha, unaogusa fedha, watu au vifaa? Asikujibu kwa sentensi ya mpango mkakati, akutajie kitu. Afisa elimu atakwambia madawati yamefika na hajui yaende skuli zipi. Wa maji atakwambia kisima kipi kitengenezwe kwanza. Wa kilimo atakwambia miche ya mikarafuu igawiwe shehia zipi. Hayo ndiyo masomo yako. Kila mmoja aje na uamuzi wake na makaratasi yake mwenyewe, hata kama yamechafuka. Usiwape mfano wa nchi ya kubuni yenye wilaya A na wilaya B.

Huo wa mikarafuu nakuomba uufanye wa kwanza, kwa sababu kila Mpemba anauelewa. Serikali hugawa miche kwa wakulima, na ripoti huandika idadi ya miche iliyogawiwa. Muulize afisa: iliyogawiwa msimu uliopita, mingapi ipo hai? Hapo chumba kitanyamaza. Miche iliyogawiwa ni kazi tuliyoifanya sisi. Mche ulioshika ukavuka kiangazi ni faida ya mkulima, na ndiyo matokeo ambayo jina la mafunzo yako linayataja. Kuyajua hakuhitaji mfumo mpya wala gari. Sheha na bwana shamba wachague wakulima wachache kwa kura kutoka katika orodha ya waliopokea, waende mashambani wakahesabu. Wakigundua shehia moja miche imekufa kwa kukosa maji na ya pili imeshika, basi ugawaji wa msimu ujao umeshabadilika, wa mahali na wa wakati. Nakuhakikishia mtu aliyefanya zoezi hilo mara moja hutahitaji kumfundisha maana ya kiashiria.

Sasa kuhusu asilimia iliyovuka 100. Hapa pana utajiri mkubwa, usipapite mbio. Wapeleke maafisa wako kwenye sensa. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569, na kasi ya ukuaji iliyotoka hapo ilikuwa asilimia 2.8 kwa mwaka. Waambie wapige hesabu kwa simu zao: kwa kasi ile ile, mwaka 2022 tungekuwa wangapi? Watapata kama milioni 1.72. Kisha waoneshe sensa ya Agosti 2022 ilikuta wangapi: 1,889,773, na kasi imekuwa asilimia 3.7. Pana watu kama laki moja na sabini elfu ambao makadirio ya namna hiyo yasingewaona. Pemba peke yake ilitoka 406,848 ikafika 543,441, yaani kwa kila watatu ameongezeka mmoja katika miaka kumi. Kituo kikichanja watoto walio hai na waliofikishwa, kisha ukagawa kwa idadi ya walengwa iliyokadiriwa zamani, utavuka mia na bado mitaani utakuwa na watoto wasiochanjwa. Muuguzi wako hakudanganya, na huenda karatasi nayo haikudanganya. Walengwa ndio walikuwa wachache kwenye karatasi.

Sababu nyengine zipo pia. Mama wa shehia jirani huleta mtoto wake kwa sababu kituo kipo karibu na kwao, au mtoto mmoja anaingizwa kwenye rejista na kwenye karatasi ya kujumlisha mara mbili. Lakini waache wazitafute wenyewe.

Na hili la kutafuta wenyewe silibuni mimi. Mfumo wa DHIS, wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya za wilaya, ulianza kwetu Zanzibar mwaka 2005 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Baadaye zikaanzishwa warsha za robo mwaka, ambapo kila timu ya wilaya husimama na takwimu zake yenyewe mbele ya wilaya nyengine, na wenzao huwahoji. Nilikuwepo. Mtu akionesha asilimia isiyowezekana, mwenziwe wa wilaya ya pili humuuliza palepale, na wala hangoji mtaalamu kutoka nje. Robo inayofuata huja amejitayarisha. Ubora wa takwimu ulipanda kwa njia hiyo, na fomu nyengine zilipunguzwa kwa sababu ilionekana hazina anayezitumia. Kwa hivyo kama bajeti yako ni ya siku tatu mfululizo, omba uigawe: siku moja sasa, moja robo ijayo, moja baada yake.

MuuguziMkoani

Ahsanta mzee, umesema kweli, na mimi naongeza ya upande wa wanaojaza fomu.

Bi afisa mipango (nadhani ni bi, samahani kama siye), kabla hujawafundisha kutumia takwimu, hesabu kwanza fomu zinazotoka kituoni. Mimi mchana nahudumia wajawazito na watoto, jioni nakaa na marejista. Mwisho wa mwezi najumlisha kitu kimoja katika karatasi tatu kwa sababu miradi mitatu inakitaka kwa sura tatu. Mkono ukichoka, tarakimu inakosewa. Kwenye mafunzo yako waamuru kila idara walete fomu zao zote na walibandike kila swali ukutani, halafu waulizwe: hili mwaka huu limetumika kuamua nini? Lisilo na jibu liondoke. Ukiniondolea mistari kumi nitakupa mistari iliyobaki safi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Takwimu hupikwa, na hupikwa kwa sababu ya khofu. Daktari dhamana (mkuu wa kituo) akipeleka tarakimu ya chini anaitwa kugombezwa mbele za watu. Akipeleka ya juu hakuna anayemuuliza, na mara nyengine anasifiwa. Mtu wa namna hiyo hata ukimfundisha Excel ya kina atapika vizuri zaidi. Kwa hivyo mkubwa wenu, awe Mkurugenzi au Afisa Mdhamini, awepo siku nzima, asije kufungua na kuondoka. Na aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mwenye tarakimu mbaya ya kweli hatogombezwa, atasaidiwa. Kisha siku ikifika alitimize, maana sote tutamwangalia.

MzeeWaMajalada

Bi Muuguzi, Mungu akulipe. Hilo la khofu ulilolitaja wewe linatangulia yote niliyoyaandika.

Naongeza mfano wa takwimu ambazo watu wa chini hawakuzichoka, kwa sababu waliona zinafanya kazi. Malaria. Tangu 2008 vituo vilianza kutuma taarifa kila wiki kwa simu ya mkononi, na baadaye kila mgonjwa aliyethibitishwa akawa anaarifiwa peke yake. Afisa wa ufuatiliaji wa wilaya hupanda pikipiki, huenda nyumbani kwa mgonjwa na kupima waliomo. Muuguzi alituma ujumbe, kisha akamuona afisa anapita kituoni kwake akiuliza nyumba ya fulani iko wapi. Baada ya hapo hukuhitaji kumkumbusha kutuma. Afisa mipango, kila tarakimu utakayoiomba shehiani, jiulize nani atapanda pikipiki kwa ajili yake.

KijanaWaTunguu

Salaam kwenu wakubwa zangu. Nimemaliza SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), nafanya kazi za ramani. Yangu ni mafupi.

Wastani wa wilaya unaficha. Mfano ni kichocho hapo hapo Pemba: maambukizi yalipopungua sana, tarakimu ya wilaya ilionekana nzuri, kumbe yamebaki kwenye shehia chache zenye mito na mabwawa ambamo watoto huoga na kina mama hufua. Watafiti, pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, ikabidi washuke hadi ngazi ya shehia kuamua wapi pa kutibu wote na wapi pa kufuatilia tu. Kwa hivyo kwenye mafunzo jedwali lolote livunjwe kwa shehia. Kompyuta zisikutie wasiwasi: ramani ya wilaya kubwa ukutani na kalamu za rangi zinatosha, kila mtu akapake rangi shehia zake. Na tangu 2016 visiwa vyetu vimepigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani chini ya mradi wa ramani wa Zanzibar, wanafunzi wa SUZA nao walishiriki. Picha zile zinaonesha paa moja moja, zinasaidia sana pale daftari la sheha linapotiliwa shaka.

Tahadhari moja. Ukishuka shehiani tarakimu zinakuwa ndogo, na ndogo sana zina uso. Jedwali likisema shehia fulani ina mtu mmoja mwenye maradhi fulani, kijiji kizima kinamjua. Wafundishwe jedwali lipi linabandikwa barazani na lipi linabaki ndani ya kabati lenye kufuli.

TumbeMashariki

Nimesoma yote, na nimewasomea na wenzangu ofisini. Ndiyo, ni bi, usijali.

Tumekubaliana hivi. Barua ya uamuzi mmoja imeshatoka kwa kila idara. Nimeomba siku zigawiwe kwa robo tatu badala ya mfululizo, mhasibu analalamika kuhusu vifungu lakini mkubwa amekubali. Yeye mwenyewe nimemwambia maneno ya Bi Muuguzi kama yalivyo. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema atakaa siku nzima, na atawaita masheha yeye mwenyewe kwa simu. Fomu zitabandikwa ukutani asubuhi, kabla ya chai. Vyeti tumeviondoa, aliyemaliza ni yule atakayerudi robo ya pili na kutueleza uamuzi wake ulikwendaje.

Mzee wangu, bado swali moja. Masheha wana madaftari yao, na baadhi yao ni waangalifu mno, wanamjua kila aliyezaliwa na aliyehama. Nikiweka daftari la sheha mbele ya makadirio ya sensa, nimwambie nani ndiye mkweli?

MzeeWaMajalada

Usimwambie nani mkweli, mwanangu. Kwa kugawa na kupata asilimia za wilaya, wote mtumie makadirio ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar yaliyotokana na sensa ya 2022, ili afya, elimu na mipango wasimame juu ya hesabu moja. Hilo liandikeni na mlitie saini siku hiyo hiyo. Daftari la sheha lina kazi nyengine: kumtafuta mtoto kwa jina. Makadirio yanakwambia kwamba shehiani humo wapo watoto kadhaa ambao bado hawajafikiwa na chanjo, lakini hayajui wako nyumba gani. Sheha anajua. Basi mpe Bi Muuguzi na sheha meza moja, walinganishe rejista ya chanjo na daftari jina kwa jina, shehia moja tu kwanza. Chagua ile iliyovuka asilimia 100.

Na sheha alipwe nauli yake siku hiyo hiyo, asiambiwe arudi kesho.

TumbeMashariki

Nauli nimeshaiweka kwenye bajeti, mstari wa kwanza. Orodha ya skuli na madawati nitaipata kwa afisa elimu wiki hii. Nikishaivunja kwa shehia nitaiweka hapa bila ya majina, mnihoji kabla hawajanihoji wao.