Tupeane uzoefu: Siku uliyompeleka Mjapani wako mkongwe, yaani pikipiki, kwenye maonyesho

Mwana wa Bwana Shamba
Wakuu, jana nimepishana na kijana yuko juu ya Yamaha AG100, keria mbele, keria nyuma, kava zima la cheni, moshi wa bluu unamfuata. Ilibidi nisimamishe gari pembeni. Imenirudisha mwaka ule klabu yetu ilipopeleka pikipiki 11 kwenye maonyesho ya pikipiki za kale Arusha.

Yangu ilikuwa ya marehemu baba, bwana shamba wa kahawa. Kibosho yote aliizunguka nayo, masika na kiangazi. Nikaiosha wiki nzima. Nikafungua tenki la oili, nikakuta uchafu, nikalisafisha, nikajaza oili mpya ya tustroku (injini inayounguza oili pamoja na petroli), nikaona kazi imekwisha. Waliowahi kuzimiliki wameshajua ninakoelekea. Pampu inayovuta oili kutoka tenki hilo kuipeleka kwenye injini iliingia upepo, oili ikawa haifiki. Pale ubavuni mwa pampu pana kiskrubu kidogo, unakilegeza, unaacha oili itiririke mpaka mapovu yaishe. Sikukigusa.

Nikatoka Moshi saa kumi na mbili asubuhi, mlima uko wazi hadi kileleni. Boma Ng'ombe nikapita vizuri. Nakaribia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA nikasikia injini inalia sauti nyembamba, kama mbu kaingia sikioni, halafu nguvu ikakata. Kufumba na kufumbua tairi la nyuma limegoma kuzunguka, linaburuzwa kwenye lami, na nyuma yangu kuna basi linapiga honi mfululizo. Mkono ndio ulioniokoa, ulibana klachi wenyewe, tairi likaachana na injini. Baba alinifundisha hivyo nikiwa darasa la sita: tustroku unaiendesha vidole viwili viko kwenye klachi, safari nzima. Nikaserereka hadi kwenye majani.

Nilipofungua kichwa na kuvuta silinda, pistoni ilikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosi, ukipitisha ukucha unakwama. Ilikuwa pistoni iliyokuja na pikipiki kutoka Japani, baba hakuwahi kuibadilisha. Nililia, sifichi. Leteni na zenu.

Spoku 36
Upepo kwenye pampu! Ndio ulioniulia Yamaha DT yangu. Pole sana mkuu.

Fundi wa Kijenge
Poleni. Ukishagusa mfumo wa oili, tenki la kwanza la petroli lichanganye na oili kabisa, hata kama umetoa upepo. Ukiona inatoa moshi kupita kiasi, furahi, maana oili inafika.

Mzee wa Kiki
Mimi pampu niliing'oa mwaka ule ule nilioinunua. Nachanganya mwenyewe, mililita 40 kwa lita moja. Sina presha.

Fundi wa Kijenge
Mzee wangu shikamoo, lakini ukiing'oa pampu hiyo siyo Yamaha tena. Oili kwenda yenyewe ndiyo sifa yake. Na siku utakayosahau kuchanganya pale sheli utanikumbuka.

Mzee wa Kiki
Marahaba. Miaka 30 sijasahau.

Chalii wa Sakina
Mimi kilichoniumiza siyo injini, ni watu. Nilipeleka Honda CG125, nimeipaka rangi, nimefunga spoku mpya, imetulia. Mkaguzi mmoja wa maonyesho akainama, akaangalia silinda, akasema "hii ya Kichina", akaiondoa kwenye kundi la pikipiki halisi mbele ya mke wangu na wanangu. Honda yenyewe ilitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki inapigwa kazi na matunzo hakuna. Valvu zake zinasukumwa na pushirodi, yaani fito, haina cheni ya taimingi (ya kuzungushia kemushafti, shafti inayofungua valvu) ya kulegea. Mchina akainakili, na leo silinda yake inaingia kwenye Honda bila kulazimisha, nami ndiyo niliyofunga. Sasa kosa langu ni lipi?

Spoku 36
Bodaboda nyingi mjini ni watoto wa CG, hata Boxer.

Fundi wa Kijenge
Boxer iondoe. Ile ni ya Mhindi, kemushafti iko juu kichwani na cheni yake ya taimingi. Na wewe Chalii, mkaguzi alikuwa sahihi. Silinda ya zamani inachongwa ndani, unavalisha pistoni ya saizi kubwa inayofuata. Vya kale tuvitunze vilivyo.

Chalii wa Sakina
Uniletee hiyo pistoni ya Honda, nami nitachonga. Mimi nimezunguka soko la Kilombero na la Mbuyuni hadi soli imeisha.

Binti Mwalimu
Yangu ni Honda C70 ya mama. Wanaume watatu waliipanda siku ile wakawa wanatafuta klachi kwenye usukani. Haina. Mama aliiendesha hadi shuleni miaka 14 akiwa na sketi, madaftari kwenye keria. Kwenye tenki lenye kutu wekeni siki usiku mmoja.

Mzee wa Kiki
Siki inakula bati. Kokoto na mafuta ya taa, tikisa.

Kijana wa Himo
Ngoja niseme langu, nimelibeba mwezi mzima.

Nami nina CG. Niliinunua kama chuma chakavu, laki tatu, na karatasi ya mauziano ninayo. Siku ya maonyesho akaja mzee wa makamo ya babu yangu, kofia mkononi. Hakutazama rangi. Akaniomba kitambaa. Akapiga goti, akafuta grisi chini ya injini, akaanza kusoma namba kwa kidole, tarakimu moja moja, midomo inatembea. Halafu akatoa mfukoni kadi ya pikipiki iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Namba ni ile ile. Iliibiwa Moshi mjini mwaka 1991, alikuwa amemaliza kuilipia miezi miwili tu kabla.

Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, umeitunza," akaondoka. Tangu siku hiyo sijaiwasha.

Spoku 36
Eeh Mungu wangu.

Binti Mwalimu
Mrudishie. Kadi ameitunza miaka yote hiyo, unasubiri nini?

Chalii wa Sakina
Usirudishe! Ulinunua kwa karatasi, na fedha ya matengenezo ni yako. Mlipeni kidogo yaishe.

Fundi wa Kijenge
Mali ya wizi haiwi halali kwa karatasi. Nenda polisi na yeye, mwende pamoja, mpate maandishi.

Chalii wa Sakina
Ukiipeleka polisi itakaa pale uani inanyeshewa hadi ioze. Fundi hujui unachosema.

Mwana wa Bwana Shamba
Kijana, achana nao kwanza. Mzee anakaa wapi?

Kijana wa Himo
Mwika. Nimemtafuta kupitia kanisani, nikampata. Nimempigia leo mchana. Nilipomuuliza anataka tufanyeje, alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama bado inawaka kwa kiki ya kwanza.

Jumamosi napanda kwake nayo. Nimeshasafisha kabureta, plagi nimenunua mpya.