Tupeane uzoefu: vinywaji gani mnavihesabu katika maji ya siku?

Mwenye mada, Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumbani kwetu kuna mjadala usiokwisha. Mama mkwe anashikilia kwamba maji ni yale yaliyomo mtungini tu, na kwamba chai, uji, kahawa na sharubati havimo katika hesabu. Mume wangu naye hunywa chai kutwa na kudai kwamba ameshatimiza. Nimejaribu kusoma, na nilichokipata ni kwamba Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika mapendekezo yake ya 2010, ilitaja lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamme, na kwamba hesabu hiyo inakusanya maji matupu, vinywaji vyengine na hata maji yaliyomo ndani ya chakula. Wamarekani mwaka 2004 walitaja viwango vikubwa zaidi, yaani lita 2.7 na lita 3.7, lakini wao pia walijumlisha chakula, ambacho walikikadiria kuwa huleta karibu asilimia 20 ya maji yote. Kwa maana hiyo, mtu anayelazimisha lita tatu za maji matupu juu ya kila anachokula na kunywa anahesabu mara mbili.

Hata hivyo, viwango vya Ulaya vimewekewa sharti la hali ya hewa ya wastani na kazi ya wastani, na sijui nani kati yetu anaweza kuliita joto la Februari kuwa ni la wastani. Ndiyo maana naomba kila mmoja aeleze anafanya kazi gani, anakunywa nini, na ameona nini mwilini mwake. Tafadhali tuandike tuliyoyapitia wenyewe, si tuliyoyasikia.

Mkulima wa mwani, Jambiani

Waalaykum salaam dada. Sisi wakati wa bamvua hushuka pwani maji yanapokupwa na kurudi yanapoanza kujaa, na saa zote hizo jua liko kichwani lakini miguu imo ndani ya maji, kwa hiyo mtu hahisi kwamba anatokwa na jasho. Kiu huja ukishafika nyumbani, tena huja pamoja na kichwa kuuma.

Kuna jambo ambalo wataalamu wanaotutembelea hawalisemi. Wanawake wengi hatunywi kabla ya kushuka kwa sababu kule hakuna pa kujisitiri. Suala la chai kuhesabiwa au kutohesabiwa kwetu ni dogo mbele ya hilo. Nilichokifanya mimi ni kusogeza kunywa mapema: nikishasali alfajiri nakunywa uji mwepesi wa mtama na maji gilasi mbili, naacha nafasi mpaka nimalize haja zangu, kisha ndipo ninaposhuka. Uji nimeuhesabu tangu siku hizo, kwa sababu naona wazi kwamba siku ya uji mkojo wangu wa adhuhuri huwa na rangi hafifu, na siku niliyokula mkate mkavu huwa wa manjano iliyokoza.

Mnywa kahawa, Mji Mkongwe

Nimeishi na maneno ya kwamba kahawa inakausha mwili tangu nilipoanza kukaa barazani pale Jaws Corner, na wanaoyasema huwa wameshika vifinjani mikononi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 Uingereza uliwachukua wanaume 50 waliozoea kahawa, wakanywa vikombe vinne kwa siku kwa kipindi kimoja na maji kwa kiasi kile kile kwa kipindi kingine, na vipimo vya maji mwilini havikuonesha tofauti ya maana. Kwa aliyezoea, basi, kahawa inahesabika.

Ila nawaomba wenzangu wa barazani wasishangilie mapema. Waliopimwa walikunywa vikombe vikubwa, na kifinjani chetu ni mafunda machache tu, kwa hiyo hata ukinywa sita hujafikisha gilasi mbili. Mimi humwomba muuza kahawa gilasi ya maji kila ninapomaliza, naye hunicheka, lakini ananipa.

Mchumaji karafuu, Wete

Huku Pemba msimu ukiwa mzuri tunapanda mikarafuu tangu asubuhi, na jasho linalotoka si la mchezo. Nakunywa madafu, maji, na jioni soda moja au juisi ya muwa. Baadhi ya wenzetu hununua zile pakiti za chumvichumvi za wagonjwa wa kuharisha na kuzinywa kila siku, wakisema kwamba zinashinda maji. Nami nimezitumia na nikaona nguvu zinarudi, lakini ningependa kujua kama ni sawa.

Muuguzi, Mkoani

Ndugu yangu wa Wete, nikujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu swali lako linabeba mambo mengi.

Pakiti ile huchanganywa katika lita moja kamili ya maji safi, na ndani yake kuna gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na madini mengine. Imetengenezwa kwa mtu anayepoteza maji kwa kuharisha, kama katika kipindupindu, na sukari ile imo ili kuusaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Ni kweli kwamba inakaa mwilini kuliko maji matupu. Utafiti wa 2016 uliolinganisha vinywaji 13 ulionesha hivyo, na ukaonesha vilevile kwamba maziwa hukaa mwilini zaidi kuliko maji, ilhali chai, kahawa na hata kola hazikutofautiana na maji. Lakini mtu anayekula samaki wa chumvi na mchuzi mchana na usiku hana upungufu wa chumvi, na aliye na shinikizo la damu hujiongezea mzigo. Maji pamoja na chakula chako cha kawaida vinatosha.

Soda na juisi ya muwa, maji yake yanahesabika bila ya shaka. Tatizo ni kinachoandamana nayo. Chupa ndogo ya kola huwa na takribani gramu 35 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Chai ya mume wa mwenye mada nayo ipimwe kwa vijiko vya sukari, si kwa vikombe tu.

Madafu ni mazuri, isipokuwa kwa mgonjwa wa figo, kwa sababu yana potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Na mgonjwa wa moyo aliyepangiwa kiasi cha kunywa ahesabu kila kimiminika, pamoja na uji na supu, wala asifuate lita zinazotajwa hapa.

Mama anayenyonyesha, Chake Chake

Mimi naongeza moja. Ukinyonyesha, mapendekezo yale ya Ulaya huongeza mililita 700 kwa siku, na mimi nyingi nazipata kwa uji wa pilipili manga, supu na maziwa, kwa sababu maji matupu yalikuwa hayanipiti. Bibi zetu walitaka mtoto naye apewe maji kidogo kwa sababu ya joto. Nilikataa kwa adabu: mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji, maziwa ya mama yamemtosha hata wakati wa kaskazi.

Mzee, Bububu

Niliwahi kupata mawe ya figo, nikaambiwa ninywe mpaka mkojo ufike angalau lita mbili na nusu kwa siku. Taabu ilikuwa Ramadhani, kwa kuwa saa za kunywa ni chache, nami nikauliza kwanza kwa daktari kama nifunge. Baada ya ruhusa niligawa: gilasi ya maji pamoja na tende wakati wa futari, supu, kisha kidogo kidogo baada ya tarawehe, na kipande cha tikiti wakati wa daku, maana tikiti ni maji zaidi ya asilimia 90. Kulifidia lote kwa mkupuo kabla ya adhana ya alfajiri hakukunisaidia kitu ila kunipeleka chooni.

Kijana, Michenzani

Na urojo je, unahesabika?

Muuguzi, Mkoani

Maji yamo mwanangu, na chumvi imo. Uweke upande wa chakula, kisha unywe maji yako.