Njiwa 14 wameachiwa kwenye ukungu, wamerudi 3, halafu tunaambiwa eti walikuwa wabovu

Wakuu, nina hasira siku ya kumi leo. Nilijiambia nisiandike kitu mpaka nitulie. Sijatulia, na sioni dalili, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani, nimeanza kushika njiwa kwenye banda la babu lililokuwa la mbao za makasha na mabati ya kuokoteza. Sasa naishi kaskazini-mashariki mwa Uingereza na huu ni mwaka wangu wa tisa kufuga njiwa wa mashindano. Klabu yangu siitaji hapa, wao wenyewe wakisoma watajijua.

Kisa ni hiki. Ijumaa jioni tulipeleka njiwa walioanguliwa mwaka huu kwa mashindano ya kilomita 190. Wangu walikuwa 14. Wakavalishwa namba, wakaingia kwenye makreti, gari likaondoka nao usiku kuelekea kusini, waachiwe huko waruke wenyewe kurudi makwao. Jumamosi kule kukanyesha, hawakuachiwa. Hilo silalamikii hata kidogo, mvua ikinyesha njiwa anabaki kwenye kreti, anapewa maji na chakula, tunangoja. Jumapili ndiyo balaa.

Jumapili nimeamka huku kwetu ukungu wa baharini umeingia mpaka barabarani. Wanaoishi pwani hii wanaujua, upepo wa mashariki ukivuma juu ya bahari baridi ule ukungu unaingia nchi kavu kama moshi na unaweza kukaa kutwa. Mnara wa kanisa ulioko mtaa wa pili nilikuwa siuoni. Saa nne asubuhi nikapiga picha nikaituma kwa msimamizi wa mashindano. Saa sita nikapiga nyingine, ile ile, nikatuma. Wenzangu wawili nao walituma za kwao. Alama zikaonyesha zimesomwa. Hakuna aliyejibu. Saa saba na dakika kumi mchana ukaja ujumbe kwamba njiwa wameachiwa, hali ya hewa safi.

Safi wapi? Safi pale lilipoegeshwa gari! Njiwa hashindani kuruka pale gari lilipo, anashindana kufika kwao. Anayeamua kuachia anatakiwa ajue anga ya njia nzima, mwanzo, katikati na mwisho. Hiyo si siri ya wataalamu, ni jambo la kwanza unalofundishwa ukishika kazi hiyo. Baadaye nikaja kusikia sababu: gari lilikuwa linatakiwa Jumatatu asubuhi kwa kazi nyingine. Gari!

Nieleze kidogo kwa wa Dar na Mombasa ambao ukungu wa namna hii hawajauona. Njiwa anapoachiwa mbali na kwao anatumia jua kujua upande, anatumia nguvu ya sumaku ya dunia, na wataalamu wameonyesha kwamba hata harufu inamsaidia. Akikaribia nyumbani anatumia macho: barabara, reli, mto, paa analolijua. Sasa mtoto wa miezi mitano anafika kilomita thelathini za mwisho anakuta ukuta mweupe. Jua hakuna, paa hakuna. Akipanda juu yumo kwenye wingu, akishuka chini kuna nyaya za umeme. Wengine wanapitiliza mpaka baharini na huko hakuna pa kutua. Wanaotua shambani wamechoka na kozi, yule ndege mwindaji, anawangoja, na kozi huku ni wengi.

Na upepo ulikuwa wa kuwapinga. Njiwa mzuri kwenye hewa tulivu anakwenda kilomita sitini na zaidi kwa saa, wale watoto walitakiwa wawe wamefika saa kumi na nusu hivi. Wa kwanza klabu nzima alifika saa kumi na moja na dakika ishirini. Mimi nilisimama uani na kopo la mahindi mpaka giza, nalitikisa, napiga mluzi. Hakufika hata mmoja siku hiyo.

Nataka mjue kilichopotea ni nini, maana watu wa nyumbani wanadhani njiwa unamrusha tu. Hao watoto niliwavalisha pete wakiwa na siku saba, kwa sababu ukichelewa mguu unakua pete haipiti. Tangu Machi nilikuwa nawafungia giza, saa kumi na moja jioni madirisha yanafungwa, saa tatu asubuhi yanafunguliwa, ili manyoya makuu ya bawa yasipukutike katikati ya msimu. Njiwa akibadilisha manyoya makuu wakati wa mashindano ni sawa na mkimbiaji aliyevuliwa viatu njiani. Chanjo ya paramiksovirusi, ugonjwa wa virusi wa njiwa, wamepata, huku ni sheria. Kinyesi nakikagua kila asubuhi kabla sijanywa chai: kikiwa kidonge kigumu chenye kofia nyeupe, furahi, kikiwa maji maji ya kijani, hakuna kuruka.

Chakula nacho kina hesabu. Mwanzo wa wiki nawapa shayiri kwa wingi wawe wepesi, katikati naongeza mahindi, siku mbili za mwisho karanga kidogo na alizeti, kwa sababu safari ndefu njiwa anaitembea kwa mafuta. Ukizidisha anakuwa mzito, ukipunguza anaishiwa njiani. Kipimo changu ni mkono. Unamshika, unapitisha kidole kwenye kidari, nyama inatakiwa ijae pande zote mbili na mwenyewe uhisi kama amejazwa hewa. Mazoezi kuzunguka banda mara mbili kwa siku. Halafu kuwapeleka kwa gari: kilomita kumi, ishirini, arobaini, sitini. Mimi nafanya kazi usiku ghalani. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, sijalala, napakia njiwa nakwenda kuwaachia, narudi kuwahi kuwapokea. Nimefanya hivyo Juni na Julai yote. Kabla ya mashindano niliwalaza usiku mbili kwenye kreti hapa hapa nyumbani ili wajifunze kunywa maji kwenye kile kijibirika cha pembeni, maana mtoto asiyefundishwa anakaa na kiu maji yako mbele yake.

Huyo ndiye mnaniambia mbovu.

Jumatatu hakuna. Jumanne jioni akaja mmoja, dume la bluu, mzima, sijui alilala wapi. Jumatano akanipigia simu mama mmoja mwenye shamba, mbali kabisa na njia, amekuta njiwa anakula na kuku wake, akasoma namba yangu kwenye pete. Nilimfuata usiku huo huo, na Mungu ambariki yule mama, alikuwa amemwekea maji na sanduku.

Alhamisi akarudi Kidoti. Nimempa jina hilo kwa unyoya mmoja mweupe nyuma ya jicho la kulia. Hakuja kwa kuruka. Nilimkuta juu ya ukuta wa jirani, akashuka, akatembea kwa miguu uani mpaka kwenye mlango wa banda akaingia. Amepasuka kuanzia chini ya shingo mpaka katikati ya kidari, mpasuko wa waya, damu imekauka na manyoya yamegandia ndani. Nilipomshika, ule mfupa wa kidari ulikuwa kama kisu. Amekunywa maji huku amefumba macho, akanyanyua kichwa, akarudia, muda mrefu sana. Nimemshona kwa mkono wa daktari na nimelipa, anaishi. Hatashindana tena na sitaki ashindane.

Hao ndio watatu. Kumi na mmoja hawapo mpaka leo.

Sasa kilichonifanya niandike si hata hasara. Ni majibu. Kwenye kundi la klabu mzee mmoja kaandika ule msemo wao wa kila siku, kwamba kapu, yaani lile kreti la safari, ndilo linalochuja, wazuri wanarudi na wabovu wanapotea, na wengine wakamuunga mkono kwa vidole gumba. Jamani! Kapu linachuja pale njiwa wote wamepewa njia. Ukiwapeleka gizani aliyerudi si lazima awe bora, pengine kakuta tundu kwenye ukungu dakika tano kabla ya mwenzake. Kidoti ndiye aliyekuwa wa kwanza bandani kwangu mashindano mawili ya nyuma yake. Ubovu kaupata Jumapili mchana?

Mwingine akaleta habari ya Jumamosi ya tarehe 19 Juni 2021, siku ambayo maelfu ya njiwa walipotea Uingereza na mpaka leo watu wanabishana, wengine wanasema ni dhoruba ya jua iliyovuruga sumaku. Kwamba mambo haya hutokea. Hapana, msichanganye. Ile siku waliachia wakiamini anga ni nzuri, kilichotokea hakikuonekana kwa macho. Huu ukungu niliupiga picha mara mbili na picha zikasomwa. Anayelinganisha hayo mawili anatafuta pa kujificha.

Vijana wa nyumbani wananiandikia kila wiki kuulizia njiwa wa kununua, tangu wasikie yule jike wa Ubelgiji, New Kim, aliuzwa euro milioni 1.6 mwaka 2020. Nawaambia ukweli: kabla ya bei, ulizeni nani anaachia njiwa wenu, na ana uwezo wa kusema hapana. Njiwa wanaweza kurudishwa na gari. Wanakaa tu kwenye makreti, wanarudi nyumbani wazima, tunapoteza mafuta ya gari na wikiendi moja. Nimewahi kurudishiwa njiwa hivyo mara moja, sikulalamika, nilishukuru.

Kikao ni Alhamisi. Sitaki kurudishiwa ada. Nataka iandikwe nani aliamua, saa ngapi, alikuwa ameangalia ripoti gani ya anga, na kwa nini picha za watu watatu hazikujibiwa. Na nataka sheria kwamba mwisho wa njia ukiwa umefungwa hakuna kuachia, gari liwe na kazi Jumatatu au lisiwe nayo.

Wenzangu mlioko Yorkshire na Durham mliopoteza njiwa Jumapili ile, andikeni hapa chini mliuona ukungu saa ngapi na mpaka saa ngapi, mwenye picha aiweke. Na yeyote atakayemwona njiwa mgeni kwenye banda lake, tafadhali asimkate pete. Mpe maji kwanza, chakula baadaye, halafu soma namba. Wangu wote wana namba yangu ya simu kwenye pete mguuni.