MREJESHO: yule wa keki asiye na muda wa kuposti

Wapendwa nimerudi, mi ndo yule wa keki za oda Mbagala niliyeuliza nakuzaje ukurasa wangu wa Insta wakati saa kumi alfajiri nishawasha oveni na jioni nahangaika na madogo. Dada uliyeniambia nirekodi video zote za wiki Jumapili, ubarikiwe. Simu naiegemeza kwenye kopo la Blue Band, napaka krimu huku inarekodi, video 4 fupi wiki imeisha. Wafuasi toka 212 mpaka 540 na kitu, si wengi kihivyo, ila sasa bei naandika palepale kwenye picha, ile ya kumwambia mtu "njoo DM" (inbox) ndo apate bei ilikuwa inafukuza watu jamani. Wafuasi wa kununua nilijaribu pia, elfu kumi yangu ikaenda na hakuna hata mmoja aliyeulizia keki ya kilo. Oda nyingi bado zinatokea status ya WhatsApp lakini 😂