ISL (viungo) mbili kati ya swichi: moja inajaa, nyingine imelala

Fundi_wa_Raki: Wakuu, heshima kwenu. Nina swichi mbili za Brocade 6505 kwenye fabriki A (mtandao wa kuunganisha seva na storeji), nimeziunganisha kwa nyaya mbili za faiba, gigabiti 16 kwa sekunde (16G) kila moja. Swichi ya juu nimechomeka poti 7 na 8, ya chini 6 na 7. Nilitaka ziwe njia moja ya 32G. Leseni ya Trunking (kuunga nyaya kadhaa ziwe njia moja) ipo, amri ya licenseshow inaionesha. Ila islshow, amri ya kuorodhesha ISL, bado inaleta mistari miwili, kila mmoja bw (upana wa njia) 16G, neno TRUNK silioni. Usiku backup ikianza, poti zote mbili za storeji zinapita ISL ya 7 inajaa, ile ya 8 haina kazi. Nimebadilisha SFP (vipachiko vya faiba kwenye poti), nimebadilisha nyaya, mpaka mke wangu kauliza kama nimehamia kazini.

MzeeWaFaiba: Acha kununua nyaya, mkuu. Hapo poti zinakwenda kwa makundi ya nane nane: 0–7, 8–15, 16–23. Poti 7 na 8 ni jirani kwa macho tu, ukuta umepita katikati, na trunki lazima ikae ndani ya kundi moja. Chini uko sawa. Juu hamisha ya 8 iingie kundi la kwanza. Mimi hili lilinila Jumamosi nzima.

Halafu angalia aptpolicy, sera ya kugawa njia. Nahisi itajibu 1, yaani kila poti inapangiwa njia yake na kuing'ang'ania. Usiiguse leo, kuibadilisha ni mpaka uzime swichi.

Fundi_wa_Raki: 0–5 zimejaa seva, 6 ina tepu. Nikibadilishana, tepu iende 8?

DadaZoni: Zoni zako (orodha za nani anaruhusiwa kuonana na nani) ni za WWN, yaani namba ya kudumu ya kifaa chenyewe, au namba za poti? Kama ni namba, ukihamisha tepu, zoni itabaki inatazama poti 6 na tepu hutaiona tena. Na hakikisha kwanza kila seva ina njia hai kwenye fabriki B, ule mtandao wa pili.

Kijana_MDS: Njooni Cisco, port-channel (trunki ya kwao) haina habari za makundi, mnaunga hadi nyaya 16.

MzeeWaFaiba: Kweli, mdogo wangu, ila hiyo inagawa mazungumzo mazima ya seva na storeji. Trunki ya Brocade inagawa fremu (vipande vidogo vya data) moja moja, na lazima zifike kwa mpangilio. Ndiyo maana inadai kundi moja, kasi moja na nyaya zenye urefu unaokaribiana.

Fundi_wa_Raki: Mrejesho. Zoni ni za WWN, nimebadilishana mchana watu wakiwa kwenye chakula. Amri ya trunkshow sasa inaonesha trunki moja: poti 7 MASTER (kiongozi) deskew 15, poti 6 deskew 16 (deskew ni tofauti ya muda kati ya nyaya). islshow mstari mmoja, bw 32G, TRUNK. aptpolicy kweli ilikuwa 1, aliyeiweka kashaacha kazi. Waya wa tepu sasa umekatiza mlango wa raki kama kamba ya kuanikia nguo. Nitaufunga wiki ijayo.

DadaZoni: Wiki ijayo ya mwaka gani?